Mapumziko ya Baridi katika Mji wa Raga



Wazee wetu walituachia methali isemayo kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Maana yake ni wazi: kazi, hata ikiwa duni, humpatia mtu kitu, ilhali mchezo, hata ukipendeza namna gani, haujazi chungu. Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, wala sina ugomvi nayo. Lakini kila methali ina mpaka wake. Mtu afanyaye kazi bila kupumzika hufika mahali ambapo hata kazi yenyewe huanza kumkimbia: mikono hulegea, ulimi huwa mkali kwa watoto, na nyumba hugeuka kuwa mahali pa kulala tu. Ndiyo sababu sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Uingereza nako idadi ni hiyo hiyo, siku 28 kwa mtu afanyaye kazi siku tano kwa juma. Siku hizo si sadaka ya tajiri. Ni sehemu ya ujira.

Swali ninalotaka tuliangalie pamoja leo ni hili: je, siku hizo tunazitumiaje? Wengi wetu huzitumia kupandisha ukuta wa nyumba isiyokwisha, kulima, kuuguza mgonjwa au kwenda msibani. Hayo yote ni mema na ni wajibu. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyewahi kuchukua siku tatu, yeye na watu wake, wakaenda mahali pasipo na msiba wala harusi, ili waone na wafurahi tu? Mimi nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza mwezi Februari 2025, nikiwa nimekwisha kupita miaka hamsini, katika mji wa Cardiff, mji mkuu wa Wales, wakati wa mashindano makubwa ya raga. Naomba nikusimulie, kisha wewe mwenyewe upime.

NYUMBA YA ZAMU

Mdogo wangu ni muuguzi katika hospitali moja kusini mwa England, na anaishi Reading. Mumewe, shemeji yangu, ni mzaliwa wa Jambiani, Unguja, naye hufanya kazi ya usiku ghalani. Wana mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Nilipokwenda kuwatembelea niliwakuta watu watatu wanaoishi katika nyumba moja kwa zamu. Mama akitoka, baba anaingia. Baba akiamka, mtoto yuko shuleni. Mazungumzo yao yaliandikwa juu ya vijikaratasi vilivyobandikwa kwenye mlango wa jokofu: wali uko hapa, ufunguo uko pale, usisahau sweta.

Mtoto alinijibu kwa Kiingereza kila nilipomsemesha kwa Kiswahili. Hakuwa mjeuri. Ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na saa moja ya kukaa naye na kuzungumza. Nilimwuliza mdogo wangu ni lini walipokula chakula cha mchana wote watatu mezani. Alifikiri, akacheka, kisha akageuka kando akajifuta macho.

Nikasema, kwa mamlaka ya dada mkubwa, kwamba wachukue siku tatu. Mtoto alikuwa anamalizia likizo yake fupi ya katikati ya muhula, na yeye ndiye aliyechagua mahali. Huicheza raga shuleni, na Jumamosi ile, tarehe 22 Februari, Wales ilikuwa inacheza na Ayalandi mjini Cardiff. Mama yake alisema, “Dada, tiketi zile hatuziwezi.” Nami nikamjibu kwamba hatuendi kununua tiketi, tunakwenda kukaa pamoja. Tukakubaliana hivyo.

MCHEZO WENYEWE

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuitazama raga, niseme maneno machache. Ni mchezo wa watu 15 kwa 15, wa dakika 80, na mpira wake una umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuushika na kukimbia nao, lakini hana ruhusa ya kumrushia mwenzake aliye mbele yake. Hurusha upande au nyuma tu. Kwa hiyo timu nzima husonga mbele kwa kupeana mpira nyuma, jambo ambalo kwa macho mageni huonekana kichekesho, lakini ndilo siri ya mchezo: hakuna asonganye mbele bila kumtegemea aliye nyuma yake. Anayeuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani amefunga trai, nayo huhesabiwa pointi 5. Kisha timu yake hupata nafasi ya kuupiga mpira kati ya milingoti kwa pointi 2 zaidi. Adhabu ikipigwa ikapita milingotini ni pointi 3.

Mashindano yenyewe huitwa ya Mataifa Sita. Yalianza mwaka 1883 kwa nchi nne: England, Wales, Uskoti na Ayalandi. Ufaransa iliingia mwaka 1910, na Italia mwaka 2000. Huchezwa kila mwaka katika miezi ya Februari na Machi, wakati wa baridi kali, na kila nchi huwakaribisha wageni katika mji wake: London, Edinburgh, Dublin, Paris, Roma na Cardiff. Basi katika majuma hayo ya giza, ambayo kwa kawaida watu hujifungia ndani, maelfu hufunga safari wakajaa mijini. Ni kama msimu wa sherehe uliowekwa makusudi katikati ya mwezi usio na furaha.

UWANJA KATIKATI YA MJI

Tuliondoka Reading Ijumaa asubuhi kwa treni. Safari ni ya saa moja na nusu hivi, na sehemu yake hupita chini ya mto Severn, katika njia ya chini ya ardhi ya kilomita 7 iliyofunguliwa mwaka 1886. Ukiingia gizani uko England; ukitoka, uko Wales, na kila kibao kimeandikwa kwa lugha mbili. Mzigo tuliuacha Newport, mji jirani ulio mwendo mfupi wa treni kabla ya Cardiff. Tuliamua kulala huko kwa sababu mwisho wa juma la raga vyumba vya Cardiff hupanda bei kupita kiasi.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni wa Cardiff ni mahali uwanja ulipo. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa uko Temeke, na mtu hufunga safari kuufuata. Uwanja wa Cardiff umesimama katikati ya maduka, kando ya mto Taff, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha treni. Fikiria, ndugu msomaji, kwamba uwanja wa watu 74,000 umejengwa Kariakoo, ukiinua macho kutoka Mtaa wa Msimbazi unauona. Ulifunguliwa mwaka 1999, na una paa linaloweza kufungwa na kufunguliwa kwa muda wa dakika zipatazo 20. Paa likifungwa, sauti ya watu haina pa kwenda.

Siku ile ya Ijumaa tulizunguka taratibu. Tuliona ngome ya kale ambayo msingi wake uliwekwa na Warumi, na ambayo katika karne ya 19 ilipambwa upya na mwinyi wa ukoo wa Bute kwa fedha iliyotokana na makaa ya mawe. Tulipita katika vichochoro vya maduka vilivyoezekwa vioo, ambavyo kwa mtu asiye na fedha ya kununua ni mahali pazuri pa kukwepa mvua. Katika barabara ya Queen Street ipo sanamu ya Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, ambaye mwenyewe alianza kuchimba akiwa kijana mdogo, kisha akawa waziri aliyeanzisha huduma ya taifa ya afya ya Uingereza mwaka 1948. Mdogo wangu alisimama mbele yake kwa muda. Akasema kwa sauti ndogo, “Kumbe huyu ndiye mwajiri wangu.” Tulicheka, na nadhani hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha dhati tangu nifike.

Shemeji naye alipata lake katika soko la mjini, soko la paa la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1891. Kwenye meza ya muuza samaki alikuta bakuli la kitu cheusi kinachong’aa kama uji wa usiku. Aliuliza, akaambiwa ni mwani. Watu wa Wales huuokota kwenye miamba ya pwani, huuchemsha kwa saa nyingi hadi ulainike, kisha huuchanganya na unga wa shayiri wakaukaanga kwa kifungua kinywa. Shemeji alisimama kama aliyepigwa na butwaa. Mama yake hulima mwani Jambiani, kama walivyo wanawake wengi wa mashariki ya Unguja. Huupanda kwa kamba majini, huuanika, na huuzwa nchi za nje. Alisema, “Maisha yangu yote nimeuona mwani ukienda zake kwenye magunia. Sijawahi kuuona sahanini.” Akanunua kidogo, akala, akakunja uso, akala tena. Kisha akaanza kumsimulia mwanawe habari za bibi yake, za maji kupwa na kujaa, za migongo inayouma. Mtoto alikuwa hajawahi kuzisikia. Mahali pa kuzisimulia hapakuwapo, maana mlango wa jokofu haubebi hadithi ndefu.

MAKAA YA MAWE NA MABAHARIA

Jumamosi asubuhi tulishuka tena katika kituo cha Cardiff. Nje ya kituo, katika uwanja wa Central Square, ipo sanamu ya mwanamke mweusi, Betty Campbell, iliyozinduliwa mwaka 2021. Alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa Butetown, karibu na gati. Alipokuwa msichana, mwalimu mmoja alimwambia kwamba kwa mtoto mweusi wa tabaka la wafanyakazi ndoto ya ualimu ilikuwa na vikwazo visivyoshindika. Akaja kuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi katika Wales, tena katika mtaa wake mwenyewe. Mimi ni mwalimu, ndugu msomaji. Utanisamehe nikikwambia kwamba pale nilikaa kuliko mahali pengine popote.

Kutoka hapo tulitembea hadi Butetown na ghubani, mwendo wa kilomita mbili hivi. Mwaka 1913 tani zaidi ya milioni 10 za makaa ya mawe zilitoka katika gati hizo kwenda kuendesha meli na treni za dunia. Meli zilihitaji watu wa kuchochea moto, na watu hao wengi walitoka Somalia, Yemen, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Walikaa Butetown, wakaoa, wakajenga misikiti na nyumba za wageni, na watoto wao wakawa watu wa Cardiff. Mji haukuwapokea kwa mikono miwili wakati wote. Mwezi Juni 1919 palizuka ghasia za kuwapiga, na watu wakafa.

Leo gati zile hazipakii makaa. Meli ya mwisho ya makaa iliondoka mwaka 1964, na ghuba imezibwa kwa boma la maji, ikawa ziwa la matembezi. Hapo penye matembezi ipo sanamu nyingine, iliyowekwa mwaka 2023, ya wachezaji watatu: Billy Boston, Clive Sullivan na Gus Risman. Wote watatu ni watoto wa Cardiff. Boston na Sullivan walikuwa weusi, Risman alizaliwa na wazazi Wayahudi waliohamia. Walipata sifa yao mbali, kaskazini mwa England, katika aina nyingine ya raga, ile ya wachezaji 13 ambayo ililipa mishahara. Boston, mtoto wa Butetown, alikuwa na kipawa kikubwa, lakini Wales haikumwita kuichezea. Sullivan alikuja kuwa nahodha wa timu ya Uingereza katika raga hiyo mwaka 1972, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote mkubwa.

Mtoto aliisoma habari hiyo mara mbili. Kisha akauliza kwa nini hawakuchaguliwa hapa kwao. Baba yake alimjibu, na alimjibu kwa Kiswahili, kwa sababu liko jambo ambalo mzazi hulisema vizuri zaidi kwa lugha yake mwenyewe. Sitayaandika maneno yale hapa. Natosheka kusema kwamba mtoto aliyasikiliza mpaka mwisho, na aliporudisha neno alilirudisha kwa Kiswahili cha kuvunjika.

SAA NANE NA ROBO

Mchezo ulipangwa kuanza saa nane na robo mchana. Kabla ya hapo barabara za katikati ya mji hufungwa kwa magari, na mji mzima huwa wa watu wa miguu. Wekundu wa Wales na kijani cha Ayalandi vilichanganyika kama kanga mbili katika kamba moja. Watoto walivaa kofia zenye umbo la ua la njano, ambalo ni alama ya nchi ile. Wazee walivaa mitandio ya sufu iliyochakaa. Jambo nililolipenda ni kwamba mashabiki wa pande mbili hawatenganishwi. Hukaa bega kwa bega uwanjani, wakitaniana. Sisi wa Simba na Yanga tunalo la kujifunza hapo.

Ni lazima nieleze pia hali ya wenyeji siku ile. Timu ya Wales ilikuwa imefungwa michezo 14 mfululizo. Kocha wake alikuwa ameondoka hata wiki mbili hazijatimia. Ayalandi kwa upande wake ilikuwa bingwa wa mwaka 2023 na wa mwaka 2024. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetarajia ushindi. Pamoja na hayo watu walifika, wakajaza mji, wakavaa nyekundu.

Tulipata meza katika mkahawa mmoja wenye televisheni, karibu kabisa na uwanja. Wimbo wa taifa ulipoanza, tuliusikia mara mbili: ukutani kutoka kwenye televisheni, na dirishani kutoka uwanjani. Wapishi walitoka jikoni wakasimama na mikono yenye unga. Bibi mmoja wa makamo, aliyekuwa peke yake na kikombe chake cha chai, alisimama akaimba maneno yote kwa sauti iliyomshinda hata yeye mwenyewe.

Wimbo huo ulitungwa mwaka 1856 katika mji wa Pontypridd na mfumaji Evan James pamoja na mwanawe James. Baba alitoa maneno, mwana alitoa sauti. Uliimbwa kabla ya mchezo wa raga dhidi ya New Zealand mwaka 1905, Wales iliposhinda 3 kwa 0, na tangu hapo wimbo na mchezo havikuachana. Jambo lililonigusa ni maana yake. Mwishoni mwake watu hawaombi utajiri wala ushindi. Wanaomba lugha yao idumu.

Na mchezo? Wales walicheza kama watu waliokataa kuzikwa. Nahodha wao, Jac Morgan, alifunga trai karibu na mapumziko, wakaenda mapumziko wakiongoza 13 kwa 10. Waliporudi, Tom Rogers alijirusha kwenye kona akafunga nyingine, ikawa 18 kwa 10. Mkahawa ulitikisika. Mtoto alimkumbatia mtu asiyemjua. Lakini Ayalandi walikuwa na pumzi na ujuzi zaidi. Pole pole walilijaza pengo, wakapita, na mwisho ukawa 27 kwa 18. Kushindwa kwa 15 mfululizo.

Nilidhani mji utanyamaza. Haukunyamaza. Watu walitoka uwanjani wakiimba, wakundu na kijani pamoja, giza likianza kuingia na manyunyu yakianguka. Yule bibi wa chai aliniambia kwamba amewaona wakishinda kila kitu na amewaona wakifungwa na kila mtu, na kwamba nyimbo ni zile zile. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilikuwa nikiifahamu methali hiyo kama maneno ya kumfariji aliyefungwa. Pale niliiona ikitembea barabarani. Baadaye Wales ilifungwa hadi michezo 18 mfululizo, ndipo ikashinda Japani mwezi Julai 2025. Bila shaka siku hiyo nayo waliimba.

KIBAO CHA SHINGONI

Jumapili tulikodi teksi hadi St Fagans, kijiji kilicho magharibi mwa mji, ambako liko jumba la makumbusho lisilo na kiingilio. Ni makumbusho ya wazi: nyumba za kale zimebomolewa kwa uangalifu kutoka sehemu mbalimbali za Wales na kujengwa upya chini ya miti. Kuna safu ya nyumba sita za wafanyakazi kutoka Merthyr Tydfil, kila moja imepambwa kwa kipindi chake, kuanzia mwaka 1805 hadi 1985, nawe unapita mlango kwa mlango ukiona jiko likibadilika. Kuna pia jengo la wafanyakazi wa mgodi wa Oakdale, la mwaka 1917, lenye maktaba, chumba cha kusomea magazeti na ukumbi wa matamasha, ambalo liliendeshwa kwa michango ya wachimbaji wenyewe. Watu waliotoka chini ya ardhi na vumbi machoni walijiwekea mahali pa kusoma na kuimba. Hawakungoja kualikwa.

Kuna vilevile shule ndogo ya chumba kimoja, ya Maestir, iliyojengwa mwaka 1880. Hapo nilimweleza mtoto habari ya kibao ambacho katika karne ya 19 kilitundikwa shingoni mwa mwanafunzi aliyesikika akisema Kiwelisi shuleni. Aliyekuwa nacho alikipitisha kwa mwingine atakayenaswa, na wa mwisho alichapwa. Wasomaji wetu waliosoma shule fulani za Kenya na hata za kwetu watakitambua kibao hicho, ingawa kwao walioadhibiwa walikuwa wasemaji wa lugha za nyumbani. Pamoja na mateso hayo Kiwelisi hakikufa. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 538,000 wanaokisema, kiasi cha watu 18 katika kila 100. Kina televisheni yake tangu mwaka 1982, na tangu mwaka 2011 sheria inakitambua kuwa lugha rasmi.

Mtoto alinyamaza, kisha akauliza, “Mama mkubwa, lile neno lililoandikwa chini barabarani, *araf*, kwa Kiswahili ni nini?” Nikamwambia ni polepole. Akalirudia. Akauliza jingine, na jingine. Katika treni ya kurudi tulianza daftari lenye safu tatu: Kiwelisi, Kiingereza, Kiswahili. Mama yake alikuwa amelala, kichwa begani mwa mumewe, na hakuna aliyekuwa na zamu mpaka kesho yake.

MASHAURI MACHACHE

Msomaji mwenye jamaa katika nchi hizo, au anayepata nafasi ya kusafiri huko wakati wa Mataifa Sita, naomba azingatie haya. Chumba kitafutwe mapema, tena katika mji wa jirani wenye treni. Mavazi yawe mengi na mepesi, yakivaliwa moja juu ya jingine, kwa maana nje ni baridi ya nyuzi 8 au 9 na ndani ni joto. Chakula kiliwe mapema, kabla mikahawa haijafurika. Baada ya mchezo mtu asikimbilie kituoni. Misururu hupangwa kwa kila upande wa safari na huwa mirefu sana, basi ni afadhali kutembea saa mbili mjini kwanza. Na asiye na tiketi asijione mnyonge. Uwanja una viti 74,000, lakini mji hauna kiti cha kukodi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, shabaha yangu si kukupeleka Cardiff. Aliyeko Morogoro anaweza kuja Dar es Salaam siku ya watani wa jadi, alale kwa shangazi, atembee Makumbusho ya Taifa asubuhi na asikilize mchezo jioni. Aliyeko Dar es Salaam anaweza kuwachukua wanawe Bagamoyo kwa basi la asubuhi. Aliyeko Nairobi ana raga yake mwenyewe, na vijana wa Kenya walioshinda mashindano ya Singapore mwaka 2016 ni ushahidi kwamba mchezo huo si wa ugenini tena.

Lililo muhimu ni kwamba siku zile 28 zisiishie zote katika matofali. Zitengwe tatu za watu. Waulizwe watoto wapi wanapenda kwenda. Wasimuliwe habari za bibi zao kwa lugha ya bibi zao, mbele ya jambo jipya la kushangaza, maana hapo ndipo masikio hufunguka. Nyumba inayofanya kazi kwa zamu inaweza kujenga ghorofa, lakini watu wake wakakutana ngazini kama wapangaji. Kazi tutaikuta Jumatatu. Mtoto wa miaka kumi na miwili hatutamkuta tena.